Siku Mbili Helsinki

Niliandika orodha. Wiki nzima nilikaa nayo
kama mtu anayeandaa harusi:
makumbusho saa nne, bustani ya wanyama saa saba,
kisiwa chenye ngome saa kumi, kwa kivuko.
Sina mtoto.
Nilidhani watoto huenda kwa saa.

Treni ya Kajaani ikawatema jukwaani:
Tuovi, miaka tisa, kitabu kwapani,
Eelis, mitano, kamba za kiatu zikiburuta,
na nyuma yao kaka yangu Arvo,
amebeba mifuko yote na usingizi wa njia nzima.
"Shangazi," akasema Eelis kabla ya salamu,
"kweli huku ngazi zinatembea zenyewe?"

Hapo orodha ikaanza kufa.

Tulishuka chini ya ardhi, tukapanda,
tukashuka, tukapanda. Mara kumi na moja.
Nilihesabu, sikuwa na kazi nyingine.
Waendao kazini walitupita kushoto
bila neno, ndiyo desturi ya huku,
ila bibi mmoja mwenye samaki kwenye kikapu
alimkonyeza Eelis,
akapanda naye mara ya kumi na mbili.

Makumbusho? Jumatatu hufungwa.
Sikujua, mimi ninayekaa mtaa wa tatu kutoka pale
miaka kumi na tisa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nami nikaanza kupona ujinga wa mji wangu.

Kwenye uwanja wa michezo, saa sita juu ya alama,
foleni ya watoto, kila mmoja na bakuli lake na kijiko.
Supu ya bure, majira yote ya joto, mtoto yeyote.
Bakuli hatukuwa nalo.
Eelis akaosha ndoo yake ya mchanga bombani
akaisogeza mbele kwa mikono miwili,
na mama wa upawa akaijaza, uso mkavu,
kana kwamba ndoo ndicho chombo cha supu tangu enzi.
Mchanga uliobaki ulilia menoni.
Aliomba tena.

Sokoni tulinunua njegere, lita nzima,
tukazimenya tukitembea, tukazila mbichi.
Shakwe akashuka, akanyakua aiskrimu yote, na koni yake.
Nilisubiri kilio.
"Anapenda vanila," Eelis akasema,
kama aliyegundua jambo.

Tuovi alikuwa kimya tangu asubuhi.
Kwenye gati la kufulia mazulia
alisimama, akafunga kitabu.
Mzee mmoja, suruali imekunjwa hadi magotini,
alimpa brashi bila kumuuliza jina,
naye akapiga magoti kwenye mbao zilizolowa
akasugua zulia la mtu asiyemjua,
povu la sabuni ya msonobari hadi viwikoni.
"Zulia letu lilibaki kwa mama," akasema,
hakuinua kichwa.
"Kwa baba sakafu ina mwangwi."

Nilitafuta neno la mtu mzima.
Sikulipata.
Nilichukua brashi ya pili.

Usiku haukuja. Saa tano, na ukuta bado una rangi ya chungwa.
"Jua halijalala, mimi nilale kwa nini?"
Nikatundika blanketi dirishani, likaanguka,
nikalitundika tena. Arvo akacheka gizani,
ile nusu giza yetu ya Juni,
kicheko ambacho sikukisikia tangu mwaka juzi.

Asubuhi hatukwenda kisiwani.
Tulikunja zulia la sebule yangu,
lile la vitambaa vya mistari ambalo mama alilifuma,
tukalibeba watu wanne kwenye tramu,
tukalisugua, tukalisukuma kwenye mashine ya kukamulia,
Eelis akining'inia kwenye mpini.

Halikukauka. Lingekaukaje kwa saa tatu?
Arvo alipanda nalo treni begani
likimdondokea mgongoni, na behewa zima
likanuka msonobari.
Tuovi alishika ncha ya nyuma isiburute.
Eelis alipunga mkono, akapunga mno,
nami nikampungia hadi nilipogeuka
nikaona anaziaga ngazi.